Ukihesabu fononi za Ni2MnGa, usiiruke theluthi

Wanafunzi wa fizikia huvutwa na aloi hii kwa sababu seli yake ni ndogo: atomu nne, yaani nikeli mbili, manganizi moja na galiamu moja, hivyo matawi 12 ya mitetemo ya atomu, yaani fononi. Kompyuta ya mezani ya kori 8 inaimudu kwa Quantum ESPRESSO, programu ya kuhesabu elektroni na mitetemo ya fuwele, ukiwa na subira ya siku kadhaa. Tabu iko kwenye nukta moja ya mchoro wa marudio (kasi ya mitetemo, frequency), nayo ndiyo yenye habari yote.

Ukifuata mwelekeo wa [110], tawi la TA2 (moja ya matawi mawili ya mawimbi ya kukingama) linazama karibu na theluthi, ξ = 0.33, ambapo wimbi q ni (ξ, ξ, 0) kwa kipimo cha 2π/a, na a ni upana wa mchemraba. Vipimo vya nyutroni vya miaka ya 1990 vilionyesha likizama kadiri fuwele inavyopoa hadi kama kelvini 260, ambapo atomu hujipanga kwa mpangilio mpya. Karibu na kelvini 202 fuwele inageuka kuwa martensaiti, hali ya baridi yenye umbo lisilo la mchemraba, ile inayobadili umbo ikivutwa na sumaku: 0.2% katika ripoti ya Ullakko na wenzake ya 1996, baadaye kama 6%, kisha karibu 10%.

Sasa tazama gridi ya nukta q ambazo fononi zinahesabiwa. Wengi huandika nq1, nq2 na nq3 kuwa 4 kwa sababu ni nukta 8 tu za kuhesabu. Lakini katika seli hii ya fcc (mchemraba wenye nukta katikati ya nyuso), gridi ya 4 inagusa ξ = 0.5 na 1 tu. Theluthi haimo! Matdyn.x, programu ya kujaza kati ya nukta hizo, itakuchorea mstari laini unaopita pale, na mstari huo ni makisio tu. Tumia 6×6×6: nukta zinakuwa 16, na theluthi inaingia yenyewe. Kama muda haukuruhusu, hesabu kwanza nukta moja, q = (0.33333333, 0.33333333, 0), kabla ya kuchora chochote.

Kabla ya hapo, angalia sumaku. Weka nspin = 2 (hesabu yenye sumaku), celldm(1) = 11.0 (upana a, kwa bohr), na starting_magnetization ya manganizi 0.5. Jumla ya sumaku itoke karibu na magnetoni za Bohr 4.1 kwa seli. Ikija karibu na sifuri, simama hapo hapo. Fononi utakazopata si za aloi hii. Na usiweke epsil (hesabu ya uga wa umeme), kwa sababu hii ni metali na ph.x, programu ya fononi, itakataa.

Kinachodanganya zaidi ni degauss, upana wa kulainisha ujazo wa elektroni. Tawi linazama kwa sababu ya umbo la uso wa Fermi (mpaka kati ya hali za elektroni zilizojaa na zilizo tupu), na degauss kubwa inaufifisha uso huo. Anza na 0.02 Ry, shuka 0.01, kisha 0.005, huku gridi ya k (nukta za elektroni) ikipanda 12, 18, 24. Andika marudio ya theluthi kila mara. Yakiendelea kushuka, bado hujafika. Weka tr2_ph, kikomo cha usahihi wa ph.x, = 1.0d-16; thamani legevu huharibu zaidi matawi ya chini.

Marudio yakichapwa na alama ya kutoa, usikimbilie kufuta. Hesabu ni ya kelvini sifuri, na kwenye baridi hiyo fuwele ya mchemraba haina uimara. Ila alama hiyo ikitokea Gamma (q = 0) peke yake, kwa thamani ndogo, rekebisha kwa asr = 'simple', kanuni inayolazimisha matawi matatu ya chini yawe sifuri hapo.

Kuhusu stima kukatika: weka outdir (folda ya mafaili ya kazi) kwenye diski yako, kamwe si /tmp, maana kompyuta ikiwaka tena huenda ikafutwa. Weka max_seconds (muda wa ph.x kusimama yenyewe vizuri), na stima ikirudi endelea na recover = .true. UPS (betri ya akiba) ndogo ya Luthuli Avenue, Nairobi, inatosha kukupa dakika za kuzima vizuri.

Hatua ya mwisho ni kuthibitisha kwamba fuwele kweli inataka kujipanga upya kwa wimbi la theluthi. Tengeneza seli ya a/√2 × 3a/√2 × a, atomu 24, kisha uiache ijipange. Usiiache na atomu mahali pake pa awali: ulinganifu unafanya nguvu ziwe sifuri, na programu itasema imemaliza papo hapo. Zisogeze kwanza kama 0.03 Å kwa wimbi moja kamili kwenye upande mrefu. Nishati isiposhuka, kagua mwelekeo: TA2 husogeza atomu kwenye [1-10], yaani upande mfupi wa a/√2. Wengi huzisogeza kwenye mhimili wa z, ambao ni wa tawi jingine.