Jioni Mama aliposema "Sina"

Mhariri, wiki hii mmeuliza Mkristo afanye nini ili asisahau kumshukuru Mungu kila siku. Swali limenigusa pabaya. Ninaoishi nao hapa Newala hawasahau. Wanakumbuka sana, ila kuna siku moyo unagoma, na siku hizo ndizo watu huwabana washukuru kwa nguvu. Hilo silikubali.

Baba yangu alikuwa katekista wa Anglikana, dayosisi ya Masasi. Kwetu, kabla ugali haujamegwa, kila mmoja alitaja jambo moja la kumshukuru Mungu. Sisi wadogo tulitaja mabibo, au mvua iliyojaza kisima cha uani. Mnaoijua nyanda ya juu ya Makonde mnajua thamani ya maji yale: yakiisha, ni kuteremka bondeni na kupanda na ndoo kichwani.

Mwaka mmoja ugonjwa wa ubwiri unga ulivamia mikorosho ikiwa ndiyo kwanza inachanua. Salfa, dawa yake, ikatufikia maua yameshakauka. Korosho ndiyo ilikuwa ada, ndiyo bati, ndiyo deni la dukani. Jioni hiyo zamu ya Mama ikafika. Akasema, "Mimi leo sina."

Baba mkubwa, aliyekuwa mgeni wetu, akamsomea Wathesalonike: "Shukuruni kwa kila jambo." Baba akamkatiza kwa adabu: "Kaka, naomba umwache. Mama watoto, mwambie Mungu hivyo hivyo." Mama akafumba macho. "Bwana, leo sina." Tukaitikia amina, tukala kisamvu chetu. Jioni zilizofuata akarudia maneno yaleyale, na Baba hakumharakisha, mpaka siku aliyomshukuru Mungu kwa jirani aliyetugawia makopa ya muhogo.

Baba mkubwa alisoma mstari sahihi, lakini barua ni ndefu kuliko mstari. Sura moja kabla ya agizo lile, Paulo anawafariji watu waliofiwa. Na Zaburi ya 88 inaishia gizani, bila neno la shukrani, nayo ni sala.

Nilishika kalamu nikitaka kuwaambia shukrani ya kila siku isiwe sheria. Sasa naona kwetu ilikuwa sheria hasa, na bila zamu ile Mama angelala na uchungu wake bila kumwambia Mungu wala sisi. Kwa hiyo nasema: wekeni saa, iwe ya kila siku, kila mtu apewe zamu, hata mtoto. Ila awepo mtu kama Baba, wa kuruhusu "sina". Asipokuwepo, sina hakika kama ningeshauri hivi. Na zamu hiyo msiipeleke kwa mfiwa, wala kwa mwanamke anayepigwa nyumbani kwake. Mfiwa mpelekeeni chakula mkae naye. Huyo mwingine mtafutieni kwanza pa kulala salama.

Msomaji, Newala