Ukikosea dawa, mwambie mgonjwa

Miaka yangu ya mwanzo kazini nilimpa mgonjwa dawa isiyo yake. Zamu ya usiku, wodi imejaa, na wazee wawili wenye jina moja la kwanza wamelazwa vitanda vinavyofuatana. Nikaita jina, mmoja akaitika, nikampa kidonge cha miligramu 10 cha amlodipini, dawa ya kushusha presha, akameza. Nilipokwenda kutia sahihi kwenye chati ndipo nikaona namba ya faili si yake. Presha yake jioni ile ilikuwa 104 kwa 62. Haikuhitaji kushushwa hata kidogo.

Wazo la kwanza kunijia halikuwa la mgonjwa, lilikuwa la leseni yangu. Nikasimama mbele ya trei ya dawa nikijiambia kidonge kimoja hakitamdhuru, kukicha nani atajua. Wewe unayeanza kazi, wazo hilo litakujia pia, na litaonekana la busara kabisa.

Chuoni tulikariri: kumtendea mgonjwa mema, kutomdhuru, kuheshimu uamuzi wake, kutenda haki, kusema kweli. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi, zilizopitishwa 1953 na kupitiwa upya 2021, zinataka uwazi makosa yanapotokea, hata yale yaliyonusurika kutokea. Nilizijua zote. Kilichoniondoa pale kwenye trei ni hesabu ya saa. Dawa ile hufika kileleni katika damu kati ya saa 6 na 12 baada ya kumezwa. Alimeza saa tatu usiku. Nikinyamaza, mzee ataamka alfajiri kwenda chooni peke yake, presha iko chini, na hakuna atakayejua kwa nini ameanguka.

Nikampima presha. Nikampigia daktari wa zamu, nikamweleza kiongozi wangu, nikaandika kwenye faili jina la dawa, kipimo na saa, bila kujitetea. Daktari akaagiza apimwe mara kwa mara na asinyanyuke bila mtu kumshika.

Kumwambia mwenyewe ndiko kulikonitoa jasho. Nilivuta kiti nikaketi, maana habari kama hii haisemwi umemsimamia mtu kichwani.

"Mzee, dawa niliyokupa haikuwa yako. Nimekosea mimi, naomba radhi. Inashusha presha, inaweza kukutia kizunguzungu. Ukitaka kushuka kitandani, niite kwanza."

Akanitazama, kisha akauliza: "Na mwenye dawa, umempa yake?"

Sikuwa nimempa. Katika hofu yangu yote nilikuwa nimemsahau mgonjwa wa pili, aliyelala bila dozi yake hatua mbili kutoka pale. Nikaenda kumpa, naye nikamweleza kwa nini imechelewa.

Mzee alishuka presha kidogo, akakaa kitandani hadi asubuhi, akapona. Kiongozi wangu hakunifokea. Alikaa nami tukafuatilia kosa lilipoingilia. Nawaomba wenye vyeo wodini mfanye hivyohivyo, kwani anayefokewa leo kesho ataficha.

Kosa liliingilia kwenye kuita jina. Mtu mwenye usingizi huitikia jina lolote linalofanana na lake. Sasa siiti. Nauliza, "Jina lako kamili ni nani?", namwacha ataje mwenyewe, kisha nalinganisha namba iliyo kwenye utepe wa mkononi mwake na ya kwenye chati kabla kidonge hakijatoka kwenye trei.