Uliza Mtu wa Maabara: Jiki siyo dawa ya kila kitu

Mwezi huu meseji za taka za maabara na sindano zimemiminika, nadhani ni kwa sababu vimaabara vidogo vimejaa kila mtaa siku hizi. Nimechagua nne, nimezifupisha kidogo maana wengine mmeandika hadi majina ya mabosi zenu jamani.

Shikamoo kaka. Nafanya usafi kwenye maabara binafsi huku Temeke. Bosi kasema kila kimiminika tukimwagie jiki kwanza afu tutupe kwenye sinki. Juzi nimemimina jiki kwenye ndoo ya mabaki ya kupaka rangi slaidi za makohozi, ukatoka moshi wa kijani kijani, kifua kikabana, macho yanatoka machozi. Ni kawaida?

Marahaba mdogo wangu. Siyo kawaida, na pole sana. Hiyo ilikuwa gesi ya klorini. Zile slaidi za TB zikishapakwa rangi zinaoshwa kwa spiriti iliyochanganywa na asidi ya haidrokloriki, kawaida asilimia 3, na jiki ikikutana na asidi yoyote inaachia klorini hapo hapo, haijalishi asidi kidogo au nyingi. Sasa nyie mna kachumba kamoja, dirisha limefungwa kisa AC, unategemea nini.

Kama kifua bado kinabana usikae nyumbani kunywa maziwa, nenda hospitali na uwaambie umevuta klorini, kwa sababu mapafu yanaweza kujaa maji masaa kadhaa baadae wakati wewe unajiona umeshapoa. Na siku nyingine ikitokea, toka nje, toa na wenzako, acha mlango wazi. Usirudi na tambara mdomoni eti unaokoa ndoo, ndoo iache.

Afu kuna kingine kibaya zaidi na hakina moshi wa kukushtua. Vifaa vya kutoa vinasaba vya virusi, vile vinavyotumika kupima wingi wa virusi vya UKIMWI na vilivyotumika sana kipindi cha Uviko, vingi vina chumvi ya guanidini thiosianati ndani ya ile bafa, yaani kile kimiminika cha kwenye chupa zake. Ukimwagia jiki inaweza kutoa gesi yenye sayanidi. Sayanidi ile ile unayoijua. Imeandikwa kwenye karatasi ya maelekezo ndani ya boksi lakini karatasi hiyo wengi wetu tunaitumia kufutia meza. Na mkojo mwingi pamoja na jiki nao unatoa gesi ya kuchoma koo, mkojo unamwagwa chooni kama ulivyo, basi. Kitu chochote kilicholowa jiki pia kisiingie kwenye otoklevu (ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke), kikipata joto kinajaza klorini chumba kizima.

Jiki ina kazi yake na kwenye hiyo kazi ni nzuri: damu imemwagika sakafuni au mezani. Ile ya asilimia 3.5 unachukua kikombe kimoja na maji vikombe sita, unapata asilimia 0.5. Unafunika damu kwa tishu au pamba, unamwagia, unasubiri dakika kumi kabla hujafuta. Watu wanamwaga na kufuta palepale, hapo umepaka tu harufu. Na uichanganye kila siku upya, ya juzi imeshachoka.

Sasa hayo mabaki ya rangi yawekewe dumu lake lenye mfuniko, liandikwe kwa maka pen kilichomo na tarehe, spiriti na asidi za kupakia huku, fomalini ya kuhifadhia vipande vya nyama za mwili kule, zailini ya kusafishia slaidi kule (zailini inashika moto kirahisi, isikae karibu na jiko la chai, najua mnalo). Yakijaa achukue kampuni yenye kibali cha taka hatarishi. Sinki hapana. Nyumba nyingi za Dar hazijaunganishwa na bomba la majitaka, sinki lako linaishia kwenye shimo hapo uani, na mvua ikinyesha mnajua wenyewe watu wanavyotapisha mashimo mtaani, na jirani ana kisima. Na ile rangi nyekundu ya kupakia slaidi za TB ina fenoli ndani, inaunguza ngozi.

Mwambie bosi hivi, labda kwa lugha ya hela atasikia: taka ikishachanganyika hamna mtu anaweza kuitenganisha tena, na dumu lililochanganyika ndo ghali kuliko yote kuliondoa. Inatenganishwa pale pale inapotoka mkononi.

Mume wangu ana kisukari anajichoma insulini. Sindano tunafunga kwenye mfuko wa rambo tunampa kijana wa taka. Wiki iliyopita imemchoma mkononi akipakia kwenye guta, nimempa elfu tano akaondoka. Naogopa. Mama wa Mbagala.

Mama, mtafute huyo kijana leo. Elfu tano siyo tiba. Aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni, asikamue kidonda, aende kituo cha afya. Kama ni ndani ya masaa 72 anaweza kupewa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, anazimeza siku 28, na kadri anavyowahi ndo inavyofaa zaidi. Wiki ikishapita hizo zimempita, ila aende tu akapimwe na aulizie chanjo ya homa ya ini B. Hiyo B ndo watu wanaisahau. Sindano yenye damu ya mtu mwenye UKIMWI asiyetumia dawa inaambukiza kama watu 3 katika 1,000 wanaochomwa, ya homa ya ini B kwa ambaye hajachanjwa inaweza kufika hadi 30 katika 100. Mzee naye akubali kupimwa, majibu yake yatamtoa kijana wa watu wasiwasi au yatawaonyesha madaktari pa kuanzia.

Kuanzia sasa tumia chupa ngumu yenye mfuniko wa kuzungusha, ya jiki au ya sabuni ya maji, siyo chupa ya maji ya kunywa maana sindano inatoboa. Mzee akimaliza kujichoma adumbukize yeye mwenyewe bila kurudishia kifuniko cha sindano. Ikifika robo tatu funga, zungushia selotepu, andika SINDANO USIFUNGUE, peleka kliniki yake ya kisukari uwaombe waiweke na sefti boksi zao, yale maboksi magumu ya kutupia sindano. Uliza kabla hujaenda nayo, wengine wanakubali, wengine wanakuzungusha.

Mimi ni mwalimu wa kemia, shule ya sekondari Kinondoni. Stoo ina chupa za tangu enzi hizo, lebo zimeliwa na mende. Mkuu wa shule anataka wanafunzi wachimbe shimo wafukie.

Mwalimu, wanafunzi wasiguse. Na wewe usizifungue kutaka kunusa. Chupa ninazoziogopa ni mbili: asidi ya pikriki iliyokauka, ile ya njano yenye ukoko kwenye kizibo, ukizungusha tu inaweza kulipuka, na etha ya zamani nayo hivyo hivyo. Ukiona kitu kama hicho funga mlango. Zebaki weka kwenye chombo kigumu, usifagie. Orodhesha unachoweza kusoma, piga picha bila kusogeza, afu mkuu aandike barua kwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali na kwa NEMC, wasimamizi wa mazingira wa serikali, hao ndo wanahusika na kemikali na taka hatarishi. Kufukia uani ni kuzipeleka kisimani, na Sheria ya Mazingira ya 2004 haikuruhusu kutupa taka hatarishi unavyotaka.

Nyongeza: kile kipimo cha kioo cha fedha mnachofanya na Form Six, nitrati ya fedha na amonia, mabaki yake usiyaache hadi kesho. Yakikaa yanatengeneza kitu kinacholipuka. Yatiwe asidi siku hiyo hiyo kabla kengele haijalia.

Zahanati jirani yetu Tabata wanachoma taka kwenye pipa kila jioni, moshi mweusi unaingia ndani. Wanasema ni insinereta.

Pipa siyo insinereta. Insinereta ni tanuri la kuchomea taka, na la kweli lina vyumba viwili na linafika nyuzi 850 na zaidi, pipa linaishia kuunguza plastiki nusu nusu, na plastiki zenye klorini zikiungua hivyo zinatoa daioksini, sumu ya saratani. Sindano nazo zinabaki majivuni, nzima kabisa, watoto wanazichokonoa. Anza na bwana afya wa kata, uende na picha zenye tarehe na majirani wawili watatu, msipige kelele getini. Wakikwambia hawana bajeti, waulize wanatenganisha vipi, maana Shirika la Afya Duniani linasema kama asilimia 85 ya taka za hospitali ni za kawaida tu, makaratasi na mabaki ya chakula. Hizo zinaenda kwa mzoa taka wa mtaa. Wakitoa hizo, kilichobaki ni kidogo, na hospitali kubwa yenye tanuri inaweza kuwachukulia kwa makubaliano.