Kabla hujazidisha kwa 4.1868, uliza sifuri iko wapi

Kazi iliyonifundisha vizio vya entropia, yaani joto linapogawanywa kwa halijoto, ilikuwa ya chumba baridi cha maua, upande wa Usa River nje ya Arusha. Ilinila siku tatu, wakati ilipaswa kuisha kabla ya chai ya saa nne. Kompresa ilikuwa imekufa, ya aina ile haikupatikana mjini, na mimi nikapewa jukumu la kuhesabu kama nyingine iliyokuwepo ingeweza kushika nafasi yake: itatumia nguvu kiasi gani kwa kila kilo ya gesi, na gesi itatoka ikiwa na nyuzi ngapi. Maua yalikuwa yamehamishiwa chumba cha pili ambacho nacho kilikuwa kimejaa. Hakuna aliyenifokea, lakini kila nilipopita nilikuta ndoo za waridi zimesogea karibu zaidi na mlango, na hilo lilinitosha kukosa usingizi.

Gesi yenyewe ilikuwa R-134a, moja ya gesi za friji. Kitabu cha kompresa kilikuwa cha Kimarekani, kila kitu Btu (kizio chao cha nishati), paundi na Fahrenheit. Chati niliyoizoea, ile ya presha na enthalpia (nishati inayobebwa na kila kilo ya gesi), ilikuwa ya Ulaya, imeandikwa kwa kilojuli na kilo. Kitabuni nikasoma kwamba mvuke mkavu wa gesi hiyo kwenye nyuzi 14 za Fahrenheit, yaani nyuzi 10 chini ya sifuri kwa Celsius, una entropia ya 0.224 Btu/lb·°F. Nikazidisha kwa 4.1868, nikapata 0.938 kJ/kg·K. Kisha nikaenda kwenye chati kuutafuta mstari wa 0.938 ili niufuate kupanda hadi presha ya kondensa, pale gesi inaporudi kuwa kimiminika, kwa kuwa mgandamizo mkamilifu haubadilishi entropia.

Upande wa mvuke mstari huo haukuwepo. Mistari ya huko ilianzia kama 1.7. Hiyo 0.938 yangu ilikuwa kushoto kabisa, mahali pa kimiminika. Kwa maneno mengine, hesabu ilikuwa inaniambia kompresa inavuta maji ya gesi, na kompresa ikivuta kimiminika valvu zake zinavunjika.

Nikajua nimekosea kuzidisha. Nikarudia. Nikatumia 4.184 badala ya 4.1868. Nikagawanya badala ya kuzidisha. Nikaongeza 273, nikatoa 32, nikazidisha kwa 1.8 mara ya pili. Siku mbili zikaisha hivyo, na karibu kila nilichojaribu kilikuwa kosa jipya juu ya kitu ambacho awali kilikuwa sahihi.

Siku ya tatu nikapita karakana ya mzee mmoja pale Unga Limited, hapa Arusha mjini, fundi friji wa siku nyingi. Nikamwamkia, akaitikia, akaitazama karatasi yangu muda mrefu bila kusema neno. Halafu akauliza, "Mwanangu, sifuri ya hiki kitabu iko wapi? Na ya hiyo chati?"

Sikuelewa. Nikamjibu kwamba sifuri ni sifuri. Akanifungulia ukurasa wa mwanzo wa majedwali, chini kabisa, kwenye maandishi madogo ambayo sikuwahi kuyasoma hata mara moja.

Nitarudi kwenye maandishi hayo. Kwanza nimalizane na kuzidisha, kwa sababu najua wapo wanaosoma hapa ambao hiyo 4.1868 yenyewe bado wanaikariri kama namba ya simu, na kitu cha kukariri kinapotea siku ya mtihani.

Entropia, neno alilolitunga Rudolf Clausius mwaka 1865, chanzo chake ni joto lililoingia kugawanywa kwa halijoto ambayo liliingilia. Ukiigawa tena kwa uzito unapata entropia ya kila kilo. Kwa hiyo kizio chake kina vyumba vitatu: nishati juu, uzito na nyuzi chini. Kubadilisha kizio ni kuingia kila chumba kwa zamu yake. Btu moja ni kilojuli 1.05506. Paundi moja ni kilo 0.45359. Ukigawanya ya kwanza kwa ya pili unapata 2.326, na hiyo ndiyo inayogeuza Btu kwa paundi kuwa kilojuli kwa kilo, namba ya enthalpia. Kinabaki chumba cha nyuzi. Nyuzi moja ya Kelvini ni sawa na nyuzi 1.8 za Fahrenheit, na kwa kuwa nyuzi ziko chini ya mstari, tunazidisha: 2.326 mara 1.8 ni 4.1868 kamili. Ukiijua njia hii huhitaji kukariri chochote zaidi ya Btu na paundi.

Angalia pia kwamba kilokalori moja kwa kilo kwa nyuzi ya Celsius nayo ni 4.1868. Maana yake Btu/lb·°F na kcal/kg·°C ni namba ileile. Jedwali la zamani la kilokalori ukilikuta kwenye kabati la kiwanda, thamani zake za entropia zinalingana na za Kimarekani bila kuzidisha chochote. Haikutokea kwa bahati: kalori ya majedwali ya mvuke iliwekwa kuwa juli 4.1868 mwaka 1956, na Btu ikafungwa nayo. Wanakemia wanayo kalori yao ya juli 4.184. Tofauti ya hizo mbili haifiki hata sehemu moja kwa elfu, kwa hiyo jibu lako likiwa limepotoka sana, usipoteze siku kuilaumu kalori kama nilivyofanya mimi.

Sasa zile 273 na 32. Ndani ya kizio, nyuzi ni hatua. Kizio kinasema "kwa kila hatua moja ya nyuzi", na urefu wa hatua haujali umeanzia wapi kuhesabu. Ndiyo maana kJ/kg·K na kJ/kg·°C ni kitu kimoja, na Btu/lb·°F ni sawa na Btu/lb·°R, ile ya Rankine, yenye hatua za Fahrenheit zinazohesabiwa kutoka sifuri halisi. Huongezi wala hutoi kitu. Lakini pale unapochukua joto na kuligawanya kwa halijoto yenyewe ili upate entropia, hapo lazima uhesabu kutoka sifuri halisi: Celsius jumlisha 273.15, au Fahrenheit jumlisha 459.67. Wanafunzi wengi ninaowasaidia wanachanganya mambo haya mawili. Wanaongeza 273 kwenye kizio, halafu wanagawanya joto kwa nyuzi 40 tupu.

Turudi Unga Limited. Yale maandishi madogo ya kitabu cha Kimarekani yalisema: entropia na enthalpia ni sifuri kwa kimiminika kilicho tayari kuchemka kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. (Hapo Celsius na Fahrenheit zinakutana, ni nyuzi 40 chini ya sifuri kote kote.) Pembeni mwa chati ya Ulaya paliandikwa: kimiminika kilicho tayari kuchemka kwenye nyuzi 0 za Celsius kina enthalpia ya 200 kJ/kg na entropia ya 1.000 kJ/kg·K.

Niliposoma mistari ile miwili nilikaa chini. Kuzidisha kwangu kulikuwa sahihi tangu asubuhi ya kwanza. Vitabu viwili vilikuwa vinapima mlima mmoja, kimoja kikianzia Moshi mjini na kingine kikianzia usawa wa bahari, na hakuna kuzidisha kokote kunakoweza kuziba pengo la namna hiyo. Pengo linazibwa kwa kujumlisha.

Mzee akanionyesha jinsi ya kulipata bila kubahatisha. Chagua hali moja ambayo vitabu vyote viwili vinayo, usome kila kimoja. Kimiminika cha R-134a kwenye nyuzi 0: chati ya Ulaya inasema 1.000, kitabu cha Marekani kikishageuzwa kuwa kilojuli kinasema 0.204. Tofauti ni 0.796. Sasa chukua ile 0.938 yangu, ongeza 0.796, unapata 1.734, na mstari huo ulikuwa palepale ulipotakiwa kuwa, kwenye ukingo wa mvuke. Nikaufuata hadi presha ya kondensa ya nyuzi 40. Gesi ingetoka kwenye nyuzi 46 hivi kama mgandamizo ungekuwa mkamilifu usiobadilisha entropia, na kazi ingekuwa karibu kJ 34 kwa kila kilo. Kompresa halisi inatoka na joto zaidi ya hapo na inakula nguvu zaidi, lakini nilikuwa nimepata mahali pa kuanzia, na ile kompresa nyingine ilitosha.

Hiyo 0.796 ni ya R-134a peke yake, tafadhali usiibebe kwenda kwenye gesi nyingine. Kila gesi ina pengo lake, na enthalpia nayo ina la kwake: kwa R-134a ni kama 148 kJ/kg.

Ningekuwa nimefanya jambo moja tangu mwanzo, nisingeingia kwenye tatizo lote hilo: kubadilisha tofauti badala ya thamani. Ukisoma hali mbili kwenye kitabu kilekile, ukatoa moja kwa nyingine, ndipo ukageuza kizio, ile sifuri inajifuta yenyewe. Chukua R-134a inayochemka kwenye nyuzi 0, kutoka kimiminika hadi mvuke. Ulaya wanasema entropia inapanda kutoka 1.000 hadi 1.727. Marekani, baada ya kugeuza, wanasema kutoka 0.204 hadi 0.931. Namba hazifanani hata kidogo, lakini zote mbili zinapanda 0.727.

Unaweza kuihakiki 0.727 hiyo bila jedwali la entropia kabisa. Joto fiche la kuchemka, yaani joto linalogeuza kimiminika kuwa mvuke bila kupandisha nyuzi, kwenye nyuzi 0 ni 198.6 kJ/kg. Gawanya kwa 273.15, unapata 0.727. Fanya hivyohivyo Kimarekani: Btu 85.4 kwa paundi, gawanya kwa 491.67 (yaani 32 jumlisha 459.67), unapata 0.1737, zidisha kwa 4.1868, umerudi palepale. Njia hii ya joto fiche gawanya kwa halijoto ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Inakamata kosa la kizio, kosa la nyuzi na kosa la kuchanganya kilojuli na juli kwa mpigo mmoja. Kwa maji yanayochemka kwenye nyuzi 100 ni 2257 gawanya kwa 373.15, jibu ni 6.05. Kama jedwali lako la boila halikupi tofauti hiyo kati ya maji na mvuke, simama hapo kabla ya kuendelea.

Kwa mafundi wa huku kwetu kuna sifuri nyingine tunayoisahau, ile ya geji ya presha. Geji inaanza kuhesabu kutoka hewa iliyopo mahali ulipo, na chati inahesabu kutoka ombwe tupu. Arusha mjini tuko kama mita 1400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni bar 0.85 hivi, si 1.01. R-134a kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri ina bar 2.0 za kweli, kwa hiyo geji ikiwa Dar itasoma karibu psi 14 (paundi kwa inchi ya mraba), na hapa itasoma karibu 17. Ukiwa hapa ukajumlisha 14.7, hewa ya usawa wa bahari kwa psi, kama kitabu kinavyofundisha, utadhani gesi iko nyuzi 8 chini ya sifuri kumbe iko 10, na entropia utakayosoma ni ya mahali pengine. Jumlisha 12.4.

Mwezi uliopita kijana mmoja anayesoma ufundi hapa mjini alinifuata kwangu Sakina na swali lililofanana na langu la miaka ile. Kwenye kitabu cha kemia alikuta entropia ya maji kwenye nyuzi 25 ni 69.95 J/mol·K. Akagawanya kwa gramu 18.015 za moli moja, akapata 3.88 kJ/kg·K, na alifanya vizuri kabisa kukumbuka kwamba juli kwa gramu ni sawa na kilojuli kwa kilo. Lakini jedwali lake la mvuke lilisema 0.367. Mara kumi na zaidi! Alikuwa amefuta na kuandika mpaka karatasi ikatoboka.

Nikamuuliza swali nililoulizwa mimi. Tukafungua vitabu vyote viwili pamoja. Wanakemia wanaanza kuhesabu kwenye sifuri halisi ya Kelvini, mahali fuwele kamilifu haina entropia yoyote. Watu wa boila wanaanza kwenye maji ya nyuzi 0.01 za Celsius, pale barafu, maji na mvuke vinapokaa pamoja, na wanaandika sifuri hapo. Akatoa moja kwa nyingine, akapata pengo la 3.516, akaliandika kwenye jalada la ndani la jedwali lake. Kisha akaniomba kalamu nyekundu, akarudi kwenye daftari, na mbele ya kila entropia aliyoinakili muhula mzima akaanza kuandika imeanzia wapi. Tulimaliza saa tatu usiku.