Uzio wa futi 6 kwenye kiwanja cha kona

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na familia yangu tunaishi Marekani, katika nyumba iliyo kwenye kiwanja cha kona. Nyuma hakuna nafasi. Ua wote uko ubavuni, kando ya barabara ya pili, na ndipo watoto wanapochezea. Niliomba kibali cha kujenga uzio wa futi 6, nikakataliwa kwa maelezo kwamba upande huo nao unahesabiwa kuwa mbele ya nyumba, na uzio wa mbele hauruhusiwi kuzidi futi 4. Nimeambiwa ninaweza kuomba kulegezewa sharti hilo. Je, niseme nini mbele ya bodi?

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa usumbufu huo, ambao wenye viwanja vya kona wengi wanaufahamu. Mamlaka ya miji ya Marekani ya kugawa maeneo na kuyawekea masharti ya ujenzi yalithibitishwa na Mahakama Kuu ya nchi hiyo mwaka 1926, katika kesi iliyohusu mji wa Euclid, jimbo la Ohio. Hata hivyo, tangu miaka hiyo ilikubalika kwamba sharti lililotungwa kwa ajili ya viwanja vya kawaida linaweza kumbana isivyo haki mwenye kiwanja kisicho cha kawaida, na ndiyo maana ikawekwa bodi ya kusikiliza maombi kama yako.

Jambo ambalo waombaji wengi hulikosea ni hili: bodi huipima ardhi kwanza, wala si shida za mwenye ardhi. Ukisimama ukaeleza tu kwamba una watoto wadogo, wajumbe watakuonea huruma, lakini huenda wakakunyima, kwa sababu kila mtaa una watoto, na ruhusa ikishatolewa kwa kawaida hubaki na kiwanja hata baada ya wewe kuhama. Anza na kiwanja chenyewe. Onyesha kwamba kinapakana na barabara mbili, kwamba nyumba ilisogezwa nyuma kiasi cha kutoacha ua mwingine wowote, na kwamba jirani aliye katikati ya mtaa, chini ya sheria ileile, anaruhusiwa kuzungushia ua wake uzio wa futi 6. Watoto wataje baadaye, wakati hoja ya ardhi imekwisha kueleweka.

Kisha fikiria kwa nini sharti hilo lipo. Kwenye kona, uzio mrefu unaweza kumziba dereva asimwone mtoto anayevuka au gari linalokuja, na mimi naona hofu hiyo ni ya haki kabisa. Chomeka vigingi mahali uzio utakapopita, funga kamba kwa urefu wa futi 6, kisha keti ndani ya gari palepale madereva wanaposimama kabla ya kuingia barabarani na upige picha kwa usawa wa macho yako. Kama kamba inakatiza mwonekano, kata pembe ya uzio kabla hujaambiwa. Picha hiyo, pamoja na ramani ya mpima ardhi yenye vipimo kamili, itakusaidia kuliko maneno mengi.

Majirani watapelekewa taarifa na watakuwa na haki ya kusema siku ya kikao, kwa hiyo wapitie mwenyewe mapema na mchoro mkononi. Usijenge kwanza ukitumaini kusamehewa, maana bodi huwa ngumu kwa shida ambayo mwombaji amejiletea mwenyewe.

Kabla hujalipa ada ya maombi, ambayo mara nyingi hairudishwi hata ukikataliwa, mwulize ofisa wa mipango miji swali moja: uzio huohuo ukirudishwa ndani futi kadhaa kutoka barabarani, je, bado unahesabiwa kuwa wa mbele? Katika baadhi ya miji hauhesabiwi hivyo, na huenda ukapoteza ukanda mwembamba wa nyasi tu, usihitaji bodi kabisa.