"She has worn a blue skirt": kosa linaloanzia kwenye Kiswahili chetu

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha Kiingereza Kidato cha Kwanza, Morogoro, niliandika ubaoni kwa herufi kubwa: "-na-" (ile ya "anauza") ni "am/is/are" pamoja na "-ing". Nilidhani nimewarahisishia. Kusahihisha madaftari, nikakutana na "I am knowing him", "I am loving rice", "My mother is selling maandazi every day". Watoto wa watu walikuwa wamefuata ubao tu.

"-na-" yetu ina kazi mbili. "Mama anauza maandazi" yaweza kuwa ndiyo shughuli yake, hata kama saa hii kalala. Kwa hiyo siku hizi nauliza kwanza: hapo "hu-" inakaa? "Mama huuza maandazi." Kama inakaa na maana ni ileile, andika "sells". Kama unachotaka kusema ni "sasa hivi yuko kwenye karai", andika "is selling". Kujua, kupenda na kutaka, ambavyo Kiingereza kwa kawaida hakivipi "-ing", nawapa wakariri pembeni. Sipotezi kipindi kwa falsafa.

Ile "s" ya "sells" isikunyime usingizi. Waambie "does" ikitokea imeshaibeba: "Does she sell?" Watasahau, utasahihisha, watazoea.

Kazi hasa iko kwenye "-me-". Mwegemeze mwanafunzi ukutani, uliza darasa: "What is he doing?" Utajibiwa, "He has leaned on the wall." Na yule mwenye sketi? "She has worn a blue skirt." Ukikata kwa kalamu nyekundu ukaishia hapo, umewaonea, kwa sababu Kiswahili chao hakina kasoro: ameegemea, amevaa. Anayevaa ni yule ambaye bado anahangaika na vifungo, na Kiingereza kinamsemea "She is putting on her skirt". Akishamaliza, kwetu amevaa, kwao "is wearing". Vivyo hivyo, "amekaa" ni "is sitting", ilhali "anakaa Kihonda" ni "lives in Kihonda".

Basi tunaigiza: kusimama, kukaa, kuchuchumaa, kupiga magoti, kubeba, kushika. Wawili wawili, mmoja ndiyo kwanza anachuchumaa, mwenzake ameshachuchumaa, darasa linataja kwa lugha zote mbili. Kelele zake mwalimu wa jirani hazipendi, ila hayo ndiyo mazoezi wanayoyakumbuka hata baada ya likizo.

Siku moja nilijisahau nikatangaza kwamba "-me-" ya namna hii daima ni "-ing". Binti wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, na amekufa?"

Nikaandika "He is dead", nikaongeza "amechoka" na "ameolewa" chini yake, nikafuta "daima". Kwa kanuni yangu marehemu angekuwa bado anakata roho.