Stabilaiza nene, kemba na kona: mmeuliza, tunajibu

Nikifunga stabilaiza nene zaidi, kemba itabadilika?

Stabilaiza ni chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili bodi isilale sana kwenye kona; kemba ni mwinamo wa gurudumu ukilitazama kwa mbele. Gari likiwa limesimama au likienda moja kwa moja, kemba haibadiliki hata chembe. Stabilaiza hufanya kazi inaposokotwa, na haisokotwi mpaka gurudumu la upande mmoja lipande kuliko mwenzake. Kazi inaanza kwenye kona. Chukua mbele ya Subaru Impreza, yenye shokapu za mtindo wa MacPherson, yaani shokapu yenyewe ndiyo inayoshika gurudumu kwa juu. Bodi ikilala digrii 4, gurudumu la nje huinama nayo, na amu ya chini (mkono unaolishika kwa chini) hulirudisha kidogo tu, hivyo tairi linasimamia bega la nje. Ukipunguza kulala kuwa digrii 3, sehemu kubwa ya hiyo digrii moja inaokolewa na uso wa tairi unarudi barabarani.

Milimita 2 tu zina tofauti gani?

Kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ugumu hufuata kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne: chuma kisicho na tundu kutoka milimita 20 hadi 22 kinaongeza takriban asilimia 46. Kama ncha ina matundu mawili ya linki (kijiti kinachounganisha stabilaiza na upande wa gurudumu), lile la ndani linafupisha mkono na kuongeza ugumu zaidi. Anza na la nje.

Nianze mbele au nyuma?

Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, ambalo pua yake inakwenda nje ya kona, kwa kawaida lianzie nyuma. Nyuma ikiwa ngumu, inabeba sehemu kubwa zaidi ya uzito unaohamia upande wa nje, na matairi mawili ya mbele yanagawana kazi vizuri zaidi. Ukizidisha, mkia unafyatuka, hasa kwenye mvua, kwa hiyo panda hatua moja tu.

Kuna hali ambapo stabilaiza ya mbele ndiyo dawa: tairi la mbele linapolala mno. Lipime kwa chaki. Chora mistari mitatu kutoka ukingo wa kashata (vitalu vya mpira vinavyogusa barabara) hadi ubavuni, pita kona chache mahali salama, kisha tazama. Chaki ikifutika hadi ubavuni, angalia upepo kwanza, halafu kemba. Boliti za kemba zikikupa digrii hasi 1 hadi 1.5 (juu ya gurudumu ikiinamia ndani), mara nyingi hutahitaji stabilaiza mpya. Baada ya kugusa kemba, alaimenti (kupima na kunyoosha magurudumu) ni lazima, maana mwelekeo wa magurudumu nao umehama.

Nimefunga mpya, sasa inagonga kwenye barabara mbovu.

Tazama linki. Wakati wa kukaza nati, boliti ya linki ikiachwa izunguke, kifuniko chake cha mpira kinachanika, vumbi linaingia, na kiungo kinalegea mapema. Ishikilie kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) huku unakaza kwa spana. Pande zote mbili ziwe juu sawa, la sivyo chuma kinafungwa kikiwa tayari kimesokotwa. Bushi, yaani mipira inayoshika stabilaiza, nazo ziwe za kipenyo kipya. Za poliyurethani zipakwe grisi ya silikoni, si ya beringi, vinginevyo zitalia.

Matuta na mashimo je?

Kwenye tuta magurudumu yote mawili yanapanda pamoja, stabilaiza inazunguka tu ndani ya bushi, hutasikia tofauti. Shimo la upande mmoja ndilo linalotikisa gari zima. Na kwenye kona kali gurudumu la ndani linaweza kunyanyuka. Likiwa ndilo linalosukuma gari na difu (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili) ni ya kawaida, litazunguka bure.